Mkebe Ulio kwa Nthoki

Nyumba za Reli, Makongeni,
Nairobi.
14 Oktoba 1984

Mpendwa shemeji Norah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa shemeji yako asiyetulia. Hamjambo huko Lusaka? Phares anaendeleaje na ule mgongo wake? Mimi mwili ni mzima, ila moyo ndio haukubali kuketi.

Hapa jua limetuchoma hasa. Mvua ya Aprili haikuja, na hii ya sasa tunaitazamia tu. Tunakula unga wa manjano, na hata huo ni wa foleni. Mfereji hutoa maji Jumanne na Jumamosi.

Mimi nastaafu Desemba. Nyumba ni ya Reli, kwa hiyo tarehe thelathini na moja nakabidhi funguo. Kitanda, sufuria na redio vitaingia kwenye behewa mpaka Kisumu. Lakini ile bogenvilia aliyoipandisha marehemu dada yako Aoko hapa mlangoni, nitaing'oaje? Shina limenenepa kama paja langu. Na ungeiona mwaka huu! Hata maua ya kanna ya kando ya mtaro yamekauka, lakini yenyewe imewaka nyekundu mpaka paani. Aoko alikuwa akisema haipendi kubembelezwa, ukiinywesha sana inatoa majani matupu.

Basi nikaamua kukata vijiti, nivioteshe, niende navyo nyumbani Ugenya nivipande ukutani, karibu na alipolala. Nilikata vitano, unene wa penseli, kila kimoja kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo uliotobolewa chini. Nikaviweka kivulini chini ya gunia, nikavipa maji ya kuoshea mchele. Hapo nilifanya vizuri, au sivyo?

Cha kwanza nilikiua kwa pupa. Kule Kiamaiko mama mmoja muuza mbuzi, Habibo, alinipa mbolea bure, akanionya ikae mwezi mzima ipoe kwanza. Mimi huyo, jioni ile ile nikaimwaga. Kijiti kikaungua.

Vitatu vilivyofuata, haki naona haya kukuandikia. Nilivichomoa. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa navivuta kidogo nione kama vimetoa mizizi, kisha navirudisha. Siku moja nikaona vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi. Wacha nifurahi! Nikamwita jirani yangu Nthoki aje aone. Kufikia Jumapili vyote vitatu vilikuwa vimenyauka.

Nthoki alinifokea mbele ya watu: "Mzee Opiyo, wewe unapanda ama unachungulia? Lete huo mkebe wa mwisho!" Akaenda nao kuuficha kwake, mimi mzee mzima nikabaki nimeshika gunia.

Juzi alipokwenda soko la Burma nilizunguka nyuma ya nyumba yake kama mwizi. Nikaukuta mkebe nyuma ya pipa la maji. Kijiti kina majani mawili mapya, lakini majani hudanganya, huchipuka hata pasipo mizizi. Mkono ukaenda wenyewe. Nilikaa juu ya jiwe, mkebe mapajani, mpaka nikasikia Nthoki akirudi. Sikukivuta. Nikaurudisha pale pale nikaondoka.

Norah, nikuambie ukweli. Asubuhi ile ya mwisho Aoko aliniambia hajambo kabisa, niende kazini. Nikamwamini, nikaenda. Niliporudi saa kumi, majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Tangu siku hiyo kitu kikinionyesha kuwa ni kizima siamini, nataka nione chini yake. Najuta, na bado mikono inaniwasha.

Nisalimie Phares sana, na binti yenu Lydiah, mwambie asome kwa bidii. Nthoki naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu awalinde, awape mvua huko, na sisi atukumbuke.

Neno moja kabla sijafunga bahasha. Ile barua ambayo Aoko alikuandikia wiki yake ya mwisho, niliyokuomba mara tatu unitumie, sasa usinitumie. Kama alikuambia anaumwa, au kama hakusema neno, ikae hapo hapo ulipoiweka. Hata nikikuandikia kuiomba mara ya nne, Norah, ninyime.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye daima,
Opiyo