Mwethya wa Kompaila

Jumatano, 11 Oktoba 1989

Diski ya tatu imekufa. Nimeitoa, nimeipuliza vumbi, nimeirudisha mara nne, na mashine inalia tu. Na mimi badala ya kulia nacheka! Miezi sita nimekaa hapa chama cha wakulima, Kitui, nikibonyeza vitufe bila kujua ndani kuna nini. Sasa kuna kazi.

Shida ni hii. Programu ya orodha ya mbegu inakubali wakulima 1,500 tu, na sasa wako 2,114. Wapya wote ni wa Ikutha. Kubadilisha hiyo namba ni mstari mmoja. Lakini mashine haielewi mstari wangu mpaka upite kwa kompaila, kama mhubiri mgeni kanisani kwetu asivyoeleweka bila mkalimani. Na kompaila iko kwa diski nne, moja ndiyo hiyo marehemu.

Lori la mbegu linaondoka Alhamisi ijayo saa tisa. Stoo ya mbegu haikubali orodha ya mkono, tangu ile ya mwaka jana iliyojaa majina ya waliozikwa. Mama yangu, Syokau, ni namba 1,902. Ghala lake nimeliona – hata panya wamehama.

Meneja, Bwana Ndolo, amepigia simu wale waliotuuzia mashine. Walifunga zamani. Aliyepokea anauza magodoro.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimempata Mzee Yakub, nyumbani kwake nyuma ya msikiti. Ndiye aliyeitunza mashine mpaka '86 alipostaafu, na baada yake hakuajiriwa fundi mwingine. Aliuliza kwanza hali ya feni, ya diski, ya printa – utadhani anaulizia wajukuu. Nikamwambia feni ilikwisha, na diski tunapangusa na leso. Akashika kichwa.

Halafu akatoa karatasi sandukuni! Kurasa 88. Diski ya tatu yote, namba kwa namba. Aliichapisha '81 kwa kuogopa siku kama hii. Ni za kuingizwa kwa mkono kwenye diski tupu, moja moja, namba elfu thelathini na tano, kila moja ni kati ya sifuri na saba tu. Kila ukurasa una jumla yake chini; ukikosea moja, mashine inaukataa wote. Mtu mmoja atamaliza Krismasi. Leo sitalala kwa furaha!

Jumapili, 15 Oktoba

Baada ya ibada nimetangaza mwethya, ile kazi yetu ya pamoja. Si wa kuchimba bwawa wala mtaro – wa kusoma namba! Watu walicheka. Mama Mumbua, kiongozi wa kikundi, aliuliza tu kama chai itakuwepo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Wamekuja kumi na wanne, wawili na majembe. Mazoea! Wote walisoma ngumbaru, darasa la watu wazima, na namba wanazijua kuliko mimi. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, mimi nabonyeza. Kwa Kikamba, mbili na nne: Ili – ili. Inya – inya. Kufika saa nne walikuwa wameshazipa wimbo. Mzee Yakub anapiga mguu chini ya meza akidhani hatumwoni. Bwana Ndolo amechungulia mara tatu.

Kurasa 31!

Jumanne, 17 Oktoba

Balaa. Kurasa tisa zimekataliwa, na zote alizisoma Mama Mumbua. Tukarudia, zikakataa tena. Nilikasirika, nikajificha stoo nisije nikamjibu mtu mzima vibaya. Kisha nikarudi nikakaa karibu, nikamwangalia mdomo.

Akifika saba anaipita! Anameza mate, anaendelea. Watu wa kale wa kwetu hawaitaji saba juu ya kitu wanachokitakia heri, kwani ni mkosi. Hata ng'ombe hawakutolewa kwenda malishoni siku ya saba. Nikamkumbusha saba za kwenye Biblia.

"Hizo ni za Mungu, Kalunde," akasema. "Hii ni mbegu ya mama yako. Mimi siwezi kuitaja juu yake."

Nilicheka na machozi yakanitoka. Kumbe siku mbili hizi alikuwa anamlinda mama! Tumekubaliana: saba ikija, agonge meza. Zote tisa zimepita.

Alhamisi, 19 Oktoba

Diski imekubali! Saa sita na dakika kumi! Nimebadilisha ule mstari, ukapita kwa kompaila bila kosa, printa ikaanza. 1,499. 1,500. Ikanyamaza kidogo – 1,501! Wamama wamepiga vigelegele, Bwana Ndolo amenipa mkono mara mbili na kusahau kwamba ameshanipa.

Saa tisa kasoro. Naandika nimesimama. Printa imekwama kwa 1,733. Sasa ni diski ya pili inayolia, na bila hiyo haichapi kitu. Mzee Yakub amefungua sanduku lake. Ya pili pia anayo – kurasa 60. Dereva anapiga honi nje.

Hakuna mama aliyechukua kiondo chake kwenda nyumbani. Bwana Ndolo ametoka, na amerudi na funguo za lori mfukoni. Honi imenyamaza. Mama Mumbua amevuta kiti, anauliza tunaanza ukurasa gani.