Mikwaruzo Iliyonyooka

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu, na binti yenu, bibi harusi wetu. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia upumue. Mimi nipo. Nikisema sijambo nitakuwa nimeanza kwa uongo, na nina mambo ya kukueleza yanayotaka ukweli, kwa hiyo chukua hilo tu, kwamba nipo. Mwandiko usikushtue. Naandika aya moja, napumzika, naandika nyingine, na leo ni siku ya tatu niko kwenye meza hii ya jikoni.

Kwanza niseme kilichonifanya nishike kalamu. Nimesikia mmekodi gari la harusi. Tena sikusikia kutoka kwako. Nimesikia kwa fundi cherehani, mtu baki kabisa, ananiambia pini ziko mdomoni kwamba bibi harusi atapanda gari jeupe, refu, lenye mapazia. Mapazia! Mtoto yule nilimwahidi tangu ana miaka saba, alipokuwa akikaa kwenye kiti cha abiria miguu haifiki chini, kwamba siku yake ikifika nitampeleka mimi kwa kigari changu cha spoti. Leo mmekaa kikao, mmeamua, mmekodi, na shangazi mtu analetewa habari na mshona nguo. Hasira zilinipanda hadi nikatoka pale dukani bila hilo gauni nililokwenda kulichukua.

Najua utasema nini. Utasema mimi ndiye niliyekufukuza. Ni kweli nilikufukuza, lakini niache nitoe yangu kwanza, maana miezi minane nimekaa kimya na wewe unajua kimya hakinifai.

Unajua gari lile lilikotoka. Nililikuta nyuma ya gereji halina injini, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Miaka sita nililifufua kwa mikono yangu, baada ya saa za kazi. Ile rangi ya buluu nilichanganya mwenyewe, nikaipulizia mara tisa, na kila mara nikasugua kwa msasa wa maji kabla ya kupulizia tena. Wanaume wa pale walizoea kunicheka kwamba mwanamke anapiga rangi magari, wakaacha siku walipoanza kujichania nywele kwenye mlango wangu. Tangu siku hiyo sikukubali mtu mwingine alioshe. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza glavu. Unaanzia kwenye paa, unashuka, na mkono unakwenda kwa mstari ulionyooka, kutoka kwenye kioo kuelekea puani mwa gari. Hauzunguki. Anayezungusha mkono anafuta meza, haoshi gari. Kila niliyemfundisha kazi nilimwambia hivyo, na wewe nilikuambia mara mia ukawa unaniitikia huku unasoma gazeti.

Sasa ile Jumapili. Mlikuja asubuhi, wewe na wifi na baba mkwe wako, mimi nikatoka kidogo kwenda kuchukua dawa. Narudi, nakukuta uani umekunja mikono ya shati, umeshika sponji langu la kuoshea vyombo, na mkono unazunguka, unazunguka, unazunguka. Ukageuka na uso wa furaha ukaniambia umenipunguzia kazi. Nikainama kwenye boneti, nikaona mikwaruzo.

Maneno niliyokuambia nayakumbuka yote, kwa hiyo sitajitia hamnazo. Nilikuambia mikono yako haijui kazi, imezoea chaki tu. Nikakuambia umeniharibia kitu pekee ambacho ni changu hapa duniani, na kwamba tangu utoto wetu kila ulichogusa ulikivunja. Baba mkwe wako alikuwa ameshika kikombe, hakujua akiweke wapi. Wifi alijaribu kusema ulitumia maji mengi, nikamkata kauli. Wewe hukunijibu hata neno moja. Ulishusha mikono ya shati, ukafunga vifungo, ukaliweka sponji juu ya ukuta, mkaondoka chai ikiwa mezani.

Baada ya hapo sikuliosha gari tena kwa mkono, na sababu nilikuwa nimekuficha, kwa hiyo nakueleza sasa. Mikono yangu imekwisha. Daktari wa mifupa, mwanamke mpole hadi anaudhi, alinishika vidole kimoja kimoja kama anayenunua bamia, akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na viungo vimeliwa na miaka ya kushika mashine ya rangi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi, havisikii kitu. Akaniamuru nisibebe ndoo, nisikamue kitambaa, nisiguse maji ya baridi. Nikamwuliza basi gari langu ataliosha nani. Akacheka, akasema waosha magari wamejaa kila kona. Nilimchukia kwa kicheko kile.

Usidhani sikujaribu. Nilikwenda kwenye ile mashine ya brashi karibu na kituo cha mafuta, nikasimama kando kutazama teksi ikiingia. Brashi zile zimebeba mchanga wa magari ya mji mzima, halafu zinakuja kukusugua wewe. Nikageuza gari papo hapo. Nikaenda kwa yule wanayemwita Injinia, anayeosha kwa maji ya presha, ambaye uinjinia wake sijui aliusomea wapi. Akaniapia kwamba vitambaa vyake ni vipya. Kumbe kile alichokitoa alikuwa ametoka kufutia magurudumu ya lori la kokoto! Nikampa vidonge vyake mbele ya wateja. Akaniambia mama, gari ni gari. Gari ni gari! Nikapanda nikaondoka na povu lote juu, watu wananikodolea macho barabara nzima.

Mwishowe nikapata njia. Kuna chupa ya povu inayofungwa kwenye mpira wa maji. Ukishalisuuza gari vumbi la juu, unalipulizia povu zito, unaliacha dakika tano lishuke na uchafu wake, halafu unasuuza tena. Mkono haugusi kitu. Kukausha ndiko kulikonishinda, kwa kuwa siwezi kukamua kitambaa, nikawa naliendesha kwa kasi kwenye barabara ya viwandani upepo ulikaushe. Siku moja trafiki akanisimamisha, akauliza nakimbilia wapi na mvi zangu hizi. Nikamjibu nakausha gari. Akalizunguka mara mbili, akaona matone kwenye bampa, akaniachia huku akinisihi nikaushe polepole. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani, halafu nikakasirika kwamba sina wa kumsimulia.

Lakini povu haliondoi yote. Kunabaki utando mwembamba wa uchafu ambao ni mkono tu unaoweza kuutoa. Kidole changu hakiuhisi, ila jicho langu bado linauona, na kila nikiuona nakuwa mkali kwa mtu yeyote aliye karibu. Jirani ameacha kuja kuomba ngazi.

Basi niliposikia habari ya gari lenu la mapazia, nikasema nitawaonyesha. Nitalipeleka kwa Kipara alipige polishi, atoe mikwaruzo yako, ling'ae kama siku ya kwanza, kisha nilipitishe taratibu mbele ya nyumba yenu siku ya harusi ili mjutie. Ndiyo, nilipanga hivyo, na umri wangu huu. Kipara unamkumbuka, yule niliyemfundisha kazi miaka kumi, leo gereji ni yake. Akavuta taa akaiwasha juu ya boneti. Nikamsimulia kile nilichomsimulia kila mtu, mwenye duka, jirani, fundi cherehani, kwamba mdogo wangu mwalimu aliniharibia rangi kwa sponji la vyombo.

Kipara akanisikiliza hadi mwisho. Akainama, akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mdogo wangu naye alijifunza kazi kwangu. Nikamwambia wewe hata msasa hujui unashikwa upande gani. Akaufuata mkwaruzo mmoja kwa kidole, kutoka kwenye kioo hadi puani, umenyooka kama rula. Akafuata wa pili. Akahamia upande wa pili wa boneti, nao vile vile, yote imenyooka, hakuna hata mmoja uliozunguka. Akazima taa, akasema ataipiga polishi, nirudi Alhamisi. Kipara ana adabu, nilimlea vizuri, hakunitazama usoni.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, na ukimaliza kusoma hapa mpe wifi naye asome. Mikwaruzo ile ni yangu. Daktari alikuwa ameniona miezi miwili kabla hamjaja. Alinipa bendeji ngumu ya kufunga mkono, ndani yake mna kipande cha bati cha kuunyoosha. Niliivaa nikiwa peke yangu tu, na mtu akipiga hodi naivua naificha kwenye droo ya vijiko. Na nikawa naosha gari nimeivaa chini ya glavu, maana bila hiyo mkono haufiki popote. Bati likatoboa bendeji, likatoboa glavu, nami sikusikia, kwa kuwa vidole vilivyokuwa vikisikia punje moja ya mchanga chini ya rangi havisikii tena hata bati. Niliosha boneti nzima hivyo, mstari kwa mstari, kwa utaratibu wangu wote, huku nikipiga mluzi.

Wala usidhani ni Kipara aliyenifumbua macho. Nilijua. Niliiona mikwaruzo Jumamosi ya wiki moja kabla, sabuni ilipotoka. Nikalifunika gari turubai, nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Wiki nzima natafuta la kuwaambia mkija. Halafu nikaingia uani, nikakukuta na sponji mkononi. Sikukukasirikia, ndugu yangu. Nilishukuru. Nilishukuru kwamba nimepata mtu wa kumbebesha. Hasira nilizitengeneza pale pale, kwa makusudi, nikashangaa zilivyokuja kwa wingi.

Na kuna jambo jingine, hili limeninyima raha tangu nilipotoka kwa Kipara. Turubai ile wewe ndiye uliyeifunua. Ili ulioshe gari ilibidi uifunue. Basi mikwaruzo uliiona kabla hujalowesha hilo sponji, hata kipofu angeipapasa. Na asubuhi ile ile ulikuwa umeniona nikishindwa kufungua kifuniko cha mtungi wa maziwa, ukageuza uso kuangalia dirishani. Ulijua vyote viwili. Ndiyo maana ulikunja mikono ya shati. Nami nilipokupaka matope mbele ya baba mkwe wako, ulikuwa na jibu kamili mdomoni, ukalimeza, kwa sababu kulisema kungekuwa kunitangaza kwamba dada mkono wako umekwisha. Miezi minane umebeba kosa langu mbele ya wakweo. Nina hasira na wewe kwa hilo. Nina hasira na huruma yako, na ustaarabu wako, na vile ulivyofunga vifungo. Nina hasira zaidi na mwanamke aliyekutazama ukifunga vifungo akanyamaza.

Nilikuaibisha mbele ya watu, na nitajiumbua mbele ya watu wale wale. Jumapili hii nakuja kwenu. Naomba baba mkwe wako awepo, na wifi awepo, na bibi harusi awepo asikie shangazi yake alifanya nini. Nitakuja nimevaa hiyo bendeji. Sitaki mtu aniandalie kiti cha mgonjwa, na mtu akianza kulia nitaondoka.

Gari la mapazia liacheni kama mlivyolikodi, msikosane na mwenye gari kwa ajili yangu, bibi harusi achague kwa hiari yake. Akichagua lile jeupe nitakaa nyuma yenu kwenye msafara na mdomo wangu nimeufunga. Lakini akichagua kigari changu, ule utando unataka mkono, na wangu haufai. Njoo Jumamosi ya kabla ya harusi ulioshe wewe. Nitakununulia glavu mpya, nitajaza ndoo mbili kwa mpira wa maji, nitakaa kwenye kiti nikuelekeze. Nitakufokea ukizungusha mkono, nakuonya kabisa, nitakufokea sana. Na safari hii ukiona nimekosea, mdogo wangu, nakuomba unijibu.

Msalimie sana wifi, mwambie kauli yake niliyoikata ni yake, aje aimalizie. Bibi harusi mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Kikohozi kikirudi nenda hospitali, usijifiche kama mimi.

Ni mimi dada yako,
Mama Rangi