Mkanda wa Aline Niliouosha

Jumatatu, 5 Novemba 2012
Aline anapimwa kupata mkanda mweusi Jumamosi hii. Naandika hata viatu sijavua. Binti yangu, miaka kumi na sita, taekwondo, mchezo wa mateke wa Wakorea. Saluni nzima wanajua. Mteja niliyekuwa namsuka nimemwambia mara tatu. Avumilie.

Jumatano, 7 Novemba
Nimefua sare yake. Mtoto wangu hatasimama mbele za watu akinuka jasho. Na ule mkanda wake mwekundu wa sasa, miaka yote haujaguswa na maji. Nikautia humo humo. Maji ya moto.
Eish. Sare nyeupe imetoka pinki. Mkanda umepauka kama kitambaa cha jikoni.
Aline amesema tu, "Maman, mkanda haufuliwi." Akajifungia chumbani. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 8 Novemba
Dawa ya madoa mara mbili. Bado pinki. Sare nyingine hakuna hadi wiki ijayo, na asiyevaa nyeupe hapimwi. Nimefunga saluni saa nane, nikaenda kwa mwalimu wake, ukumbini Greyville. Nikasema kosa ni langu. Akacheka. Eti wanasimulia kwamba zamani mkanda ulikuwa mmoja tu, mweupe, ukakolea jasho na vumbi la mazoezi hadi ukawa mweusi. Ndiyo maana hawafui.
"Wewe mama umemrudisha mwanzo," akasema. "Aje hivyo hivyo. Wakaguzi wa mtihani wakikataa, sina la kufanya."


Jumamosi, 10 Novemba
Wakaguzi walimtazama muda mrefu. Mwalimu akawanong'oneza. Wakamruhusu.
Kijana mmoja Mkongomani nyuma yangu: "Huyu wa pinki ametoka harusini?" Nikageuka: "Huyo wa pinki ni wangu. Ngoja uone miguu yake."
Mbao tatu za kuvunja kwa teke. Mbili zikapasuka. Wa tatu ukakataa. Akarudia, ukakataa. Nafasi moja imebaki. Nilikuwa nimeng'ata kamba ya mkoba.
Akapiga ukelele wa tumboni. Ubao ukakatika kama biskuti.
Amepita. Wawili wenye sare nyeupe wameanguka mtihani. Siwacheki. Kidogo tu.

Alhamisi, 15 Novemba
Mvua. Mwalimu ameleta mkanda mweusi, jina la Aline limeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Anataka nimfunge mimi, mbele ya watu. Aline amenifundisha fundo jikoni, ncha zote mbili zilingane. Nimekosea mara nne. Ananishika vidole, anavirudisha.
Mkanda uko juu ya kabati, mbali na ndoo ya kufulia. Dada yangu wa Queensburgh analeta sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Kwaya ya kanisani kwetu inakuja, na wateja wa saluni. Namfunga mbele yao wote Jumapili, tarehe 18, baada ya ibada.