Mandalala Uliyonisimamishia

Mama yangu,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni, miguu nimeinyoosha, vidole vimeingia rangi ya bulu mpaka kwenye kucha. Ungeniona ungenicheka. Ungesema kama ulivyozoea kusema, "Vero, bulu iko ya karatasi, haiko ya mikono." Keshokutwa Lisette anaolewa. Ni kifunguamimba wangu, mjukuu wako ambaye hukujaliwa kumbeba, na kwa ajili yake nyumba nzima imekuwa karakana ya maua.

Mwanzoni alileta maua ya plastiki kutoka mjini, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mawese. Sikumkatalia. Niliyaweka mezani nikakaa nayatazama, naye akaona ninavyoyatazama, akayakusanya mwenyewe na kuyarudisha dukani. Aliporudi akaniuliza, "Bon, mama, sasa tutapamba na nini?" Nikamwambia alete madaftari yake ya zamani.

Mikono haisahau, Mama. Nilidhani nimepoteza namna ya kuloweka karatasi kwenye bulu ya kufulia bila kuichana, kuianika kivulini, kuikunja mikunjo myembamba, kuifunga kiuno kwa uzi wa rafia. Kisha ile sehemu uliyokuwa ukituzuia tusiiguse mpaka tunawe mikono, ya kufungua petali moja moja. Wewe hukuvuta, ulipuliza. "Ukivuta inapasuka. Upulizie tu, itafunguka yenyewe." Lisette alipasua nyingi kabla ya kukubali kwamba bibi yake alijua alichokuwa akisema.

Rangi zote hizo zilianza wakati wa uhuru. Watu wa Lubunga, mtaa wetu, walikuwa wakivuka mto kwenda kusikiliza hotuba ng'ambo, wanarudi sauti zimekauka. Wenye uwezo walinunua vitambaa vipya. Wewe ulikuwa mjane, muuza pondu, majani ya mihogo, na samaki wa kukaushwa, lakini uliapa kwamba nyumba yetu ya udongo haitaupokea uhuru ikiwa uchi. Ulichukua udongo mweupe ukachora kuta kwa vidole vitatu, mistari ya mawimbi, kutoka mlangoni hadi jikoni. Ulijaza makopo ya maziwa mchanga mbichi ili yasibonyee, ukayatoboa kwa msumari matundu madogo madogo, ukamwaga mchanga na kuweka vitaa vya mafuta ndani. Mama Aziza, jirani yetu, mtoto wa wale Waislamu wa zamani wa mji, alileta manjano ya pilau yake ili tutie rangi nyota na baadhi ya maua. Tulikata moja kubwa na ndogo sita, kama za kwenye bendera. Ile kubwa ilitoka na ncha moja fupi kwa sababu karatasi iliisha. Nilitaka kulia. Ukasema, "Acha. Inchi yenyewe imezaliwa jana, na yo itakomaa polepole."

Na mlangoni uliweka mandalala. Tulikwenda pamoja kuyakata, matawi marefu ya mchikichi, nikayaburuta mpaka nyumbani. Hapo ndipo uliponifunza sheria yake. Mandalala ya furaha huinamishwa, moja huku na jingine huku, vichwa vikakutana juu na kufungwa pamoja, mtu akapita chini yake. Mandalala ya msiba husimamishwa wima, kila moja peke yake kando ya njia, wala hayafungwi. Mchikichi ni ule ule, panga ni lile lile. Tofauti ni fundo tu.

Sherehe zilipokwisha ulishusha maua yote ukayalaza kwenye kopo la biskuti pamoja na pilipili kavu za kufukuza wadudu. Ukaniambia, "Haya ni ya harusi yako." Nilikuwa bado sijaanza hata kuficha barua za wavulana.

Basi harusi ikaja, ila ilikuja katika miaka ya uasi. Wapiganaji wenye majani ya mchikichi kipajini walikuwa wameushika mji, na walikuwa wanawatafuta makarani wa serikali. Kalamu mfukoni ilitosha kumponza mtu. Bernard wangu alikuwa karani wa posta. Ulimficha kwenye chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mihogo, na kila asubuhi ulimpelekea maji ya kunawa kama mgeni wa heshima, ukisema karani akinuka mihogo atatambulika vile vile. Kaka yako, mjomba wangu niliyemwita tonton, aliyekuwa katekista na mwenye mtumbwi, alisema lazima Bernard ashuke mto, apite Yanonge, aende kwa watu wenu, wapiganaji hawajafika kila kijito. Mimi nikasema naenda naye.

Ndipo ulipogoma. Sikukuona mkali hivyo tena. "Mutoto yangu hatabebwa kwa mutumbwi kama muzigo ya soko," ulisema. "Ataenda bibi ya mutu, ao hataenda." Tonton alikuambia harusi ina nyimbo, ina watu, ina pombe, na wapiganaji watakuja kunywa, na wakija watamwona Bernard. Uliendelea kuchambua pondu kana kwamba umekubali. Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikakuta mandalala mawili yamesimama wima kando ya njia yetu.

"Dawa yao ya kuzuia risasi inaogopa maiti," uliniambia, bila hata kunitazama. "Wakiona matanga, watapita mbali. Sisi ndani tutaoza mutoto wetu na roho nyeupe."

Ilikuwa akili kubwa, Mama, ila ulisahau jambo moja ambalo mtu wa Lubunga hapaswi kulisahau. Mandalala ya msiba hayamfukuzi jirani, yanamwita. Kabla hatujamaliza kutundika maua chumbani, wanawake wa mtaa walikuwa wameshaingia uani na mikeka, na kuni, na mikono vichwani. Walikuwa wanalia tayari, na hawakujua wanamlilia nani.

"Nani alikufa? Ni nani?"

Nakuona bado ulivyosimama mlangoni na ua la bulu mkononi. Kunitaja mimi ilikuwa kisirani. Kumtaja Bernard ilikuwa kumchongea. Ulitazama ua lile, ukanipa mimi, ukafuta mikono kwenye pagne yako ya kiunoni.

"Miye," ulisema. "Museme ni miye. Aziza, leta shuka."

Mama Aziza alikataa. Alisema hayo ni mambo ya kumchokoza Mungu. Ukamjibu kwamba Mungu anakujua vizuri, hawezi kukosea kwa sababu ya shuka. Ukalala kwenye mkeka chumba cha mbele, ukanyoosha miguu, ukavuta shuka mwenyewe ukajifunika mpaka utosini. Wale wanawake waliponong'onezwa ukweli, nilidhani watakasirika na kuondoka. Hata mmoja hakuondoka. Waliketi wakakuzunguka na kulia kweli, kwa machozi. Nilikuja kuelewa baadaye. Wakati ule kila mmoja alikuwa na maiti wake ambaye hakupata nafasi ya kumlilia.

Hivyo ndivyo nilivyoolewa. Wewe chumba cha mbele, mimi na Bernard chumba cha nyuma, kati yetu pazia la rafia. Maua ya uhuru yalikuwa yamepauka kidogo lakini hayakuliwa na wadudu, pilipili ilifanya kazi. Nyota yenye ncha fupi niliitundika juu ya kichwa cha Bernard. Kwenye bakuli la maji niliweka maua ya zambarau ya Kongo ya Sika, yale magugu yanayoelea mtoni, ambayo ulisema yana faida moja tu duniani, kupamba meza kwa siku moja. Ulikuwa umechungulia penye pengo la pazia, maana nikasikia sauti yako kutoka chini ya shuka, ya chini, lakini ile ile ya kuamuru.

"Vero. Bulu juu, jaune chini. Ulipanga mbaya."

"Maiti inyamaze," alisema Mama Aziza.

"Bon. Nanyamaza. Lakini apangue."

Nikapangua, bulu juu na njano chini. Tonton alitufungisha ndoa kwa kunong'ona, na kila alipouliza swali wanawake walipandisha kilio ili kumfunika. Nilipojibu ndiyo, mtaa mzima ulikuwa unakulilia wewe. Bernard alicheka, halafu akaona aibu kwa kucheka.

Tulikuwa hatujainuka wapiganaji walipofika. Niliwaona kwa tundu la pazia. Walikuwa vijana, mmoja hajaota hata ndevu. Walisimama mlangoni pa ua, kati ya mandalala.

"Nani alikufa?"

"Mama ya hapa," Mama Aziza alijibu. "Iko mule ndani. Muingie, mumuone."

"Alikufa na nini?"

"Tumbo. Alianza jana tu."

Walirudi nyuma hatua kadhaa. Yule asiye na ndevu alichomoa tawi alilokuwa amelivaa kichwani, akalichomeka ardhini kando ya mandalala yako. "Pole, bamama," alisema. Wakaenda zao. Nimewaza mara nyingi alikuwa anamkumbuka mama gani.

Safari yetu nayo uliipanga. Tulitoka mchana kweupe, nguo za msiba, nywele zimefumuliwa, tonton mbele, tukiwa watu wanaokwenda kupeleka habari ya kifo kijijini. Nani angewazuia watu kama hao? Lakini mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi, unatazama barabarani, na watu walikuwa wanapita. Hukuweza kuinuka. Sikuweza kukukumbatia. Nilipiga magoti kama wanavyofanya wafiwa, nikakushika mguu juu ya shuka. Kidole chako kikubwa kikacheza, mara mbili, kama ulivyokuwa ukikichezesha ukinisubiri nimalize kula.

Huo ndio mguso wa mwisho, Mama. Tuliishi kijijini, tukipika mawese na kungoja. Tonton alileta habari kwamba siku ile uliinuka jioni, ukala sahani mbili, ukamlalamikia Mama Aziza kwamba katika kukusifu alisahau kutaja pondu yako. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Safari iliyofuata tonton alifunga mtumbwi bila kuimba, na nikajua kabla hajasema. Ilikuwa homa. Mji ulikuwa umeshabadilisha mikono, askari wa serikali walikuwa barabarani, na tawi la mchikichi mlangoni lilikuwa limegeuka hatari, kwa kuwa wapiganaji walikuwa wakilivaa. Hakuna aliyethubutu kukusimamishia mandalala. Mama Aziza alikuosha na kukufunga shuka ile ile. Walikuzika upesi, bila moto uani, bila mikeka. Matanga yako, Mama, nilikuwa nimeshayatumia mimi.

Hicho ndicho kilichonikaa moyoni miaka yote hii. Nimepamba ubatizo, komunyo, harusi za watoto wa watu, nimechora kuta, nimetoboa makopo mpaka majirani wananitania kwamba kopo likiniona linakimbia. Lakini tawi la mchikichi sijawahi kuliingiza kwenye ua wangu. Sikujua ningelifunga au ningelisimamisha. Nikilifunga, naona nakuruka wewe. Nikilisimamisha, nani atakuja kulia, na nitamwambia nini, kwamba ni mtu aliyekwisha kuliliwa?

Jana Lisette alisema anataka tao. Anataka apite chini ya mandalala kama rafiki zake. Nilimwambia hapana, na akaniuliza kwa nini. Bernard alikuwa kwenye kiti chake, anavyozeeka amekuwa mtu wa kusikiliza. Akasema, "Vero, muache mutoto afunge tao. Siye tulioana na mandalala ya matanga, na tuko hapa bado." Nikatoka nje nikaenda kujishughulisha na makopo. Baadaye nilimwita Lisette, nikamsimulia yote, kuanzia kopo la biskuti mpaka kidole cha mguu. Alichukua panga.

Mandalala yapo nje sasa, Mama, yamelazwa kwenye umande ili yasinyauke, mawili, marefu kuliko yale yetu. Keshokutwa asubuhi nitayainamisha mimi mwenyewe, vichwa vikutane, nitayafunga kwa rafia na kuchomeka maua ya bulu juu na ya njano chini. Mjukuu wako atapita. Tutaimba kwa sauti, maana sasa hakuna wa kumficha.

Siku ya pili yake, wageni wakishakwenda, nitapanda juu ya kiti na kulikata fundo. Matawi yatanyanyuka yenyewe yasimame wima, kila moja upande wake. Nitayaacha hivyo, na kutandika mkeka uani, na yeyote atakayeingia na kuuliza ni nani aliyekufa, nitamjibu.

Mwanao, bibi harusi wako,
Vero