Kanga ya Salha

Ndungu

Baba Salha, mume wangu,

Simu yako haipatikani huko kwenye mkonge, basi barua hii nampa dereva wa lori. Mpunga tumeshauanika. Kitandani bado nalala upande wa ukutani. Upande wako nauacha.

Salha wetu, na miaka yake mitano, alitokwa na damu kwenye chupi. Mama yako akasema kawahi kuvunja ungo, akamnunulia kanga, nami nikakubali. Damu ikarudi, tumbo likavimba. Leo daktari kasema ana uvimbe kwenye kizazi, huenda ni saratani. Kesho tunakwenda hospitali kubwa ya Moshi.

Salha ameniomba nimtunzie kanga mpaka awe mkubwa. Nimeiweka upande wako wa kitanda. Njoo tuitunze wote.

Wako anayekungoja,
Fadhila