Madaftari Saba ya Quionga

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ujumbe kutoka Maputo! Mtu anaitwa Helga, mtunza nyaraka wa chuo kikuu kimoja huko. Anazitaka karatasi zangu. Zote — barua za waandishi, ripoti za wasomaji, miswada niliyoichora kwa wino mwekundu miaka thelathini na moja nilipokuwa mhariri. Anasema vitabu vyote vya saikolojia vya nchi hii vilipita mikononi mwangu. Vyote! Anatia chumvi. Vilikuwa vichache, na nusu yake havikustahili karatasi. Kabla ya kumjibu nilishasahihisha ujumbe wake, koma mbili. Ugonjwa huu hautanitoka.

Anachokitaka hasa ni kitabu cha marehemu Otília. Doutora Otília, mwanasaikolojia, mwandishi wangu wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeshastaafu na kurudi kwetu Palma. Alinifuata mwaka 2019, tukakaa Quionga kuwasikiliza wanawake kumi na mmoja waliokuwa wamekimbilia pale kutoka vitani. Lugha yetu hakuijua. Aliuliza kwa Kireno, mimi nikatafsiri, na majibu nikayaandika kwenye madaftari. Saba. Kila mama nilimwahidi kwa mdomo wangu: maneno yako hayatapotea, watu watayasoma. Halafu vita vikafika Palma kwenyewe, tukatawanyika. Otília amefariki mwaka jana, Nampula, bila kitabu.

Mzigo wote uko Quionga kwa mdogo wangu Cadija, masanduku mawili ya bati. Nimemjibu Helga kwamba uko salama. Kwa nini nimeandika hivyo? Tangu tulipotoka ukimbizini sijayafungua hata mara moja. Naogopa, basi.

Jumatano, 8 Oktoba

Quionga kwa pikipiki. Mgongo wangu! Cadija amenipokea kwa uji na lawama: mpaka Maputo wakuite, kaka, ndiyo unatukumbuka?

Masanduku yapo. Mwaka ule wa kukimbia, wezi walibeba mabati ya paa, kitanda, mpaka kinu. Karatasi wakaziacha. Hata wezi wana maoni yao kuhusu saikolojia.

Sanduku la kwanza: barua, mafaili, kila faili na lebo yake. Mchwa wamekula ripoti za miaka ya tisini, wala sikusikitika. Sanduku la pili: miswada, na rasimu ya Otília niliyoipiga chapa mwenyewe kwa Kireno, kurasa mia na arobaini. Madaftari hayamo. Nikatoa kila kitu, nikarudisha. Nikatoa tena.

Cadija akanijibu huku anachambua mchicha, bila wasiwasi wowote. Yale yenye maandishi ya chuoni, ya Kurani? Alimkabidhi mwalimu Chaquir wa msikitini siku ile ya kukimbia. — Ningeyaacha, kaka, watu wayakanyage? Yalianza na Bismillahi!

Ni kweli yalianza hivyo. Nikitaka kuandika mbio naandika kwa herufi za Kiarabu, kama bibi yetu alivyonifundisha. Lugha ni hii hii yetu, ila sitii nukta wala irabu, na hakuna awezaye kusoma isipokuwa mimi. Na ukurasa wa kwanza lazima Bismillahi, mazoea tu ya mkono. Cadija akadhani ni maandishi ya dini. Na maandishi ya dini kwetu hayatupwi wala hayachomwi na takataka. Yanazikwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimenuna siku nzima. Amenipikia samaki wa nazi, nimekataa kula — mtu wa miaka sabini na mbili! Amekwenda kulia jikoni. Akasema kupitia mlangoni: si ungeniambia ni ya nini?

Sikumwambia. Nimeweka lebo hata kwenye bahasha ya pini. Kwenye madaftari saba hakuna hata lebo moja. Kosa ni langu. Cadija sijamwambia hivyo, nimeandika hapa tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya sala nimemngoja mwalimu Chaquir nje ya msikiti. Mtu mpole, mpole mpaka anaudhi. Alikumbuka vizuri sana. Risasi zilikuwa zinasikika, akasoma mstari wa kwanza tu, akafunga. Aliyatia kwenye mfuko wa mchele akayachimbia kwa mikono yake mavani, upande wa ukuta. Watu wanakimbilia mtoni, yeye anachimba. Nimlaumu vipi mtu huyu?

Nikasema twende tukafukue. Akanitazama. Akanipeleka.

Pana kaburi pale. La Mariamo, mke wa Rachide, amekufa kwa malaria masika ya 2023. Sikujua! Mariamo ni wa tisa katika wale kumi na mmoja. Nimemwona mbele yangu palepale, na ungo wake wa mchele, nikashindwa hata kuomba dua.

Mwalimu akamaliza habari. Walipokuwa wanachimba kaburi waliukuta mfuko. Umepasuka, maji yameingia, karatasi zimekuwa uji, wino umekwenda. Wakazirudisha mumo humo kaburini, ubavuni mwa marehemu. Tuliona ni baraka kwake, akasema. Baraka! Nilitamani kumpiga. Nikamshukuru.

Halafu nikamweleza ni kitu gani alichozika. Ameweka mkono mdomoni. Akasema Rachide hana budi kujua. Nikamsihi amwache. Hakuniahidi.

Kwa hiyo yamekwisha. Nimekuwa nikijidanganya tangu Jumatano kwamba karatasi zipo mahali fulani zinaningoja. Hazipo.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana nimeyashusha masanduku Palma kwa gari la watu wa nazi. Cadija tumeagana vizuri, yaani hatukulitaja jambo lile. Helga amefika leo asubuhi. Msichana wa Maputo, viatu vikubwa, glavu nyeupe za kushikia karatasi zangu zenye mavi ya mende. Kila bahasha anaipa namba kwa penseli. Anacheka akisoma barua zangu kwa waandishi: senhor Jamaldine, ulikuwa mkali! Nilikuwa mkali.

Alipoulizia madaftari nilimwambia kweli. Akakaa chini sakafuni. Akasema basi mimi ndiye nakala pekee iliyobaki, nieleze ninachokumbuka, yeye atarekodi. Nakala gani! Mimi ni nakala iliyoliwa na mchwa.

Nimekaa na rasimu mchana kutwa. Nilichokiona ndicho hiki, na nikiseme wazi. Nilikata. Kazi yangu ni kukata, hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Wanawake wale walizungumza kwa saa nyingi, walizunguka, walirudi palepale, na mimi wakati wa kupiga chapa nikawa nasema: hii inajirudia, hii haina uzito, hii msomaji haihitaji. Sikuona ubaya wowote. Kilichokatwa si kipo daftarini?

Mariamo alisema kwa saa tatu. Kwenye rasimu amebaki na mistari minne: «M., miaka 38, mkulima. Usingizi mchache. Hamtaji aliyeuawa. Husimulia mambo madogo ya nyumbani, kwa kujirudia.»

Mambo gani madogo? Nimefumba macho, nimejaribu. Nakumbuka ungo. Nakumbuka Otília akifuta jasho. Nakumbuka nilikuwa na njaa, nikiangalia saa. Sauti yake siikumbuki hata kidogo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Rachide amekuja.

Kwa chapa ya kwanza, yaani daladala, kutoka Quionga, kanzu imepigwa pasi, viatu ameshika mkononi kwa ajili ya tope. Mwalimu amemwambia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana! Amenipa pole. Kwamba na mimi nimepoteza mali yangu.

Kisha akasimulia. Siku ile ya mazungumzo na doutora, Mariamo alirudi nyumbani hakupika. Alikaa mlangoni, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mtoto wao auawe kule walikotoka. Akasema, leo nimeyasema yote. Rachide akauliza yapi? Akajibiwa: yameandikwa, utakuja kusoma. Na nyumbani hakuyasema tena, mpaka malaria ikamchukua. Miaka sita Rachide anakingoja kitabu. Kila gari geni likiingia Quionga anafikiri labda kimeletwa.

— Mzee, sitaki mengi. Alisema nini?

Nikamwambia maneno yalikuwa mengi, ngoja nikusanye akili. Akaitikia kwa kichwa, akangoja kwa adabu. Halafu polepole, akiangalia vidole vyake:

— Alinitaja?

Helga akataka nimtafsirie. Nimetafsiri, neno kwa neno, safari hii sikukata kitu. Macho ya Helga yakajaa machozi. Ameweka simu yake mkekani katikati yetu, amebonyeza kitufe cha kurekodi. Anasema lolote, hata dogo, litatunzwa kwa jina la Mariamo. Ameshalipangia na namba.

Naweza kusema alikutaja. Alisema wewe ni mume mwema, ulimbeba mtoni, hukumlaumu kwa mtoto. Nani atanibishia? Rachide atarudi kwake na kitu. Na uongo wangu utakaa kwenye boksi la Maputo, wasomi wanukuu, na hayo ndiyo yatakuwa maneno ya Mariamo duniani. Au niseme sikumbuki. Kwamba nilimsikiliza saa tatu nikaandika mistari minne, na wewe, Rachide, kama ulikuwemo, basi mimi ndiye niliyekutoa.

Rachide amevua kofia. Simu inahesabu sekunde. Nimewaambia naingia ndani mara moja kutafuta miwani.

Miwani ninayo usoni.