Zuhura Kasimama Kumsalimia Mjomba

Jumamosi jioni, Mafiga. Manyunyu tangu alfajiri, milima yote ya Uluguru imejifunika mawingu, na mimi sauti imekauka kwa kupiga kelele. Nina furaha mpaka najionea aibu, mwalimu mzima.

Ni huyu Zuhura, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne kutoka Bigwa. Kwenye mashindano haya ya shule za mkoa amefunga magoli ya netiboli kama anatupia viazi kwenye tenga. Mita mia nane kabeba. Elfu moja na mia tano kabeba. Jana mrukaji wetu wa kuruka juu kaumwa tumbo, Zuhura kaingia badala yake, kashinda! Mimi ndiye mwalimu wake wa michezo, na nakiri kuruka sikumfundisha.

Nafasi kwenye timu ya mkoa alishaipata. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni ruhusa ya kwenda kambini.

Mimi ni mtu wa kuja, kwetu Tabora, kwa hiyo wiki iliyopita nilimwendea baba yake. Akanitazama kwa huruma. "Mimi ni baba tu, Mwalimu. Kamuone mjomba wake."

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Na mjomba alishasema huu ni mwaka wa mtihani, mtoto akae asome. Ila angeshuka mlimani Jumamosi, aone mwenyewe hizo mbio zina nini.

Basi leo zilikuwa mbio za barabarani, na mimi nyuma ya bodaboda nawafuata. Zuhura anaongoza, msichana mmoja wa Gairo, miguu mirefu, yuko kisogoni kwake. Kwenye kona ya mwisho namuona mzee wa kofia na mwavuli, kasimama pembeni.

Zuhura naye kamuona.

Kasimama! Kapiga goti, pale pale kwenye lami iliyolowa. "Shikamoo mjomba!"

Yule wa Gairo kapita. Mimi nusura nianguke kwenye bodaboda. Nilimkasirikia mtoto wa watu, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana ni nani angemwambia ampite mjomba wake kama nguzo ya umeme?

Mzee hata marahaba hakuitikia. Kagonga mwavuli chini: "We mwana, salamu gani saa hizi? Kimbia!"

Nimeona watu wakikimbia maishani mwangu. Sijaona vile. Alimpata mwenzake pale kwenye geti la uwanja na kumpita karibu kabisa na utepe, nikajikuta namkumbatia dereva wa bodaboda, ambaye hata jina lake silijui.

Mjomba alifika uwanjani baadaye, taratibu, kwa miguu. Mimi nilikuwa na hotuba nzima kichwani, kuhusu vitabu vya kubeba na walimu wa kumsomesha huko huko kambini. Nikamwamkia, nikafungua mdomo. Sauti yote nilishaimaliza barabarani.

Mzee akasema mwenyewe.

"Leo mimi ndiye niliyemchelewesha, Mwalimu. Mara ya pili sitaki. Mchukue."

Anakwenda. Zuhura anakwenda kambini!

Hivi mimi nitalalaje leo?